Ayurveda: Namna ya kuitambua hulka ya mwili wako na kuisawazisha

WAHENGA walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Watu wawili huweza kuketi kwenye sinia moja na kula chakula kimoja, kisha mmoja akalala fofofo na mwenzake akakesha akisumbuliwa na kiungulia. Kwa nini miili hutofautiana hivyo? Swali hili ndilo msingi wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India ambayo jina lake katika lugha ya Kisanskriti lina maana ya elimu ya maisha.

Mafunzo ya Ayurveda yamehifadhiwa katika vitabu vikongwe, hasa Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vilivyoandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hata hivyo, si elimu iliyozikwa makavazini. Nchini India waganga wake husomea shahada katika vyuo vikuu, na mwaka wa 2014 serikali ya nchi hiyo iliunda wizara maalumu ya tiba za jadi.

Dosha tatu

Kwa mujibu wa Ayurveda, mwili huendeshwa na nguvu tatu ziitwazo dosha. Ya kwanza ni vata, yenye asili ya hewa na anga, nayo husimamia mwendo wote wa mwili, kama vile kupumua na kwenda haja. Ya pili ni pitta, yenye asili ya moto na maji, ambayo husimamia joto na usagaji wa chakula. Ya tatu ni kapha, yenye asili ya maji na ardhi, ambayo huupa mwili umbo, uzito na unyevu.

Fikra hii si ngeni kwa wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Kupitia tiba ya Kiarabu, iliyorithi mafunzo ya Wayunani, Waswahili wamezoea kuzungumzia vyakula vya baridi na vya hari, na maneno kama mizaji, balghamu na safura yana mizizi katika elimu hiyo. Mifumo hii miwili haifanani katika kila jambo, ila yote hushikilia kuwa siha ni mizani.

Kila mtu ana dosha zote tatu. Kinachotofautiana ni kiasi. Wapo wanaotawaliwa na dosha moja, wapo wanaotawaliwa na mbili, na wachache huwa nazo zote kwa usawa. Kwa hesabu hiyo, hulka za mwili ni saba.

Dalili za kila hulka

Mtu wa vata aghalabu huwa mwembamba, mwenye ngozi kavu na mikono baridi. Njaa yake haitabiriki, usingizi wake ni mwepesi, na huelekea kufunga choo. Hushika jambo upesi na kulisahau upesi. Mizani ikipotea, huingiwa na wasiwasi.

Mtu wa pitta ana umbo la wastani, hutokwa na jasho jingi na hawezi kuvumilia njaa. Ana akili kali na ulimi mkali, na huenda akaota mvi au upara mapema. Mizani ikipotea, husumbuliwa na kiungulia, vipele na hasira.

Mtu wa kapha ana mifupa mikubwa, ngozi laini na usingizi mzito. Ni mtulivu, hujifunza polepole, lakini akishajua hasahau. Mizani ikipotea, hunenepa, hujaa kamasi na kushikwa na uvivu.

Kosa la wengi

Wengi hujipima kwa hali waliyo nayo leo, na hapo ndipo wanapokosea. Ayurveda hutenganisha prakriti, yaani hulka ambayo mtu huzaliwa nayo, na vikriti, yaani hali yake ya sasa. Chukua mfano wa bawabu mnene na mtulivu ambaye kazi ya usiku imemfanya akose usingizi na kufunga choo. Hulka yake ni kapha, lakini kilichovurugika ni vata. Akila vyakula vikavu vya kupunguza kapha, atazidi kuumia. Kinachotangulia ni kurekebisha kilichovurugika.

Hivyo basi, unapojichunguza, tazama mambo yaliyodumu tangu utotoni: umbo, ngozi, njaa, usingizi na hasira. Waulize pia wazazi au ndugu waliokulea. Mganga aliyehitimu huchunguza mambo manane, yakiwemo mapigo ya mshipa, ulimi, macho na sauti.

Kurejesha mizani

Kanuni kuu ni kwamba kinyume hutibu kinyume. Vata ni baridi na kavu, kwa hiyo hutulizwa na chakula cha moto chenye majimaji na samli kidogo, kukandwa kwa mafuta ya ufuta, na kula na kulala kwa saa zisizobadilika. Pitta hutulizwa na matango, maji ya dafu na dania, huku pilipili, siki na pombe vikipunguzwa. Kapha huhitaji chakula chepesi chenye tangawizi na pilipili manga, mazoezi ya kutoa jasho, na kuepuka sukari, mafuta mengi na usingizi wa mchana.

Aidha, watu wote hushauriwa kula mlo mkubwa adhuhuri, wakati ambapo moto wa tumbo huaminika kuwa mkali zaidi.

Tahadhari

Ni muhimu kufahamu kuwa sayansi ya kisasa haijathibitisha kuwepo kwa dosha, na hakuna kipimo cha maabara kinachozionyesha. Hulka ni mwongozo wa kujichunga, si jina la ugonjwa. Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu asiziache kwa sababu ameambiwa pitta yake imezidi.

Isitoshe, si kila dawa ya asili ni salama. Mwaka wa 2008, utafiti uliochapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulichunguza dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti. Takriban moja kati ya kila tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Mama mjamzito, mtoto na mgonjwa wa figo wasitumie vidonge au unga wa aina hiyo bila idhini ya daktari.

Samli kidogo, tangawizi na usingizi wa saa zilezile havina hatari hiyo kwa mtu mwenye afya. Anayetaka kuijaribu Ayurveda na aanzie jikoni na kitandani, wala si dukani.