Malalamiko Yaliyogeuka Sheria

Sir Fang alikuwa amezidi. Alianza kama mhusika wa kawaida katika mchezo mmoja wa Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha akageuka mnyonya damu, akaongeza nguvu hadi wenzake wakakosa dawa yake. Msimamizi wa mchezo, Dave Arneson, kijana wa miaka ishirini na kitu, angeweza kumfuta tu. Hakumfuta. Meza ikapata mhusika mpya wa kupambana naye: padri mwenye uwezo wa kuwafukuza wafu wanaotembea. Mchezo huo ndio uliokuja kuzaa Dungeons & Dragons, na padri yumo hadi leo. Wengi wanaomcheza hawajui kwamba aliletwa kutatua kero iliyosababishwa na mtu mmoja.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: mnakaa mezani watu wanne, watano. Kila mmoja ana mhusika wake, na mmoja wenu ni msimulizi na refa kwa pamoja. Yeye anawaambia mko wapi na mmekutana na nini, nyinyi mnasema mnafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Hakuna goli wala kipenga cha mwisho, hadithi inaweza kuendelea hata miaka. Ndio maana usawa ni shughuli. Kwenye drafti nyote mnaanza na kete sawa. Hapa mmoja ana upanga, mwingine ana uchawi, na wote wanataka kurudi nyumbani wakiona kuja kwao kulikuwa na maana.

Nimesoma historia ya mchezo huu kwa muda sasa, na kinachonivutia ni jinsi sheria zake nyingi zilivyoanza kama malalamiko. Arneson alianzisha mchezo wake, Blackmoor, mwaka 1971. Kanuni za vita alizoanza nazo zilitoka Chainmail, kijitabu cha Gary Gygax na Jeff Perren, na humo pigo moja lilitosha kuua mtu. Kwa kikosi cha wanajeshi wa kuchezea, sawa. Lakini ukishampa mhusika jina na kumlea wiki kadhaa, kwani utakubali afe kwa dadu moja? Arneson alisimulia baadaye kwamba wachezaji wake hawakupenda, basi akaazima wazo kutoka kwa kanuni za mapigano ya manowari, ambako meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Zikazaliwa pointi za uhai. Ule mstari unaopungua ukipigwa risasi kwenye gemu ya simu yako ni wa ukoo huo huo.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alimpelekea Gygax mchezo wake huko Lake Geneva, Wisconsin. Gygax akaandika rasimu ya kurasa kama 50, akacheza na watoto wake na marafiki, akatuma nakala kwa wacheza michezo ya vita wa miji mingine. Januari 1974 mchezo ukatoka kwenye boksi: vijitabu vitatu, nakala 1,000. Hata hapo haukuwa umekamilika. Mwaka huo huo Gygax alipigiwa simu kutoka duka moja la michezo huko California, ambako wachezaji walikuwa wamebuni mhusika mwizi, mjuzi wa kufuli na mitego. Gygax akaunda mwizi wake kutokana na wazo hilo, akamweka kwenye kitabu cha nyongeza cha 1975, Greyhawk. Wengine walifurahi. Wengine wakauliza: kama kujificha na kupanda ukuta sasa ni kazi ya mwizi, sisi tuliokuwa tukifanya hivyo zamani tuache? Sheria mpya humpa mmoja, na mara nyingi humnyang'anya mwingine bila kukusudia.

Anayecheza kadi mtaani anaelewa. Kabla ya kuanza lazima mkubaliane: hapa kwenu Joka inachukuza ngapi? Mtu aliyechukuzwa karata nyingi jana atakuja leo na pendekezo, na pendekezo lake litamfaa yeye. Si eti ni mbaya. Anajua alipoumia, ila dawa anayoitaka ni ya kidonda chake tu. Kazi ya mbunifu ni kuamini maumivu na kuichunguza dawa. Arneson angeweza kuambiwa "mwondoe Fang" na bado akaona kwamba meza ilihitaji padri.

Sasa fikiria meza ya watu 175,000. Idadi hiyo na zaidi ndiyo iliyojaribu toleo la tano la Dungeons & Dragons kuanzia Mei 2012, kabla vitabu havijatoka 2014. Kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa kanuni bure, watu wakacheza, wakajaza hojaji, kanuni zikabadilika, wakajaza tena. Ilikuwa kazi kubwa, na kitabu kilichotoka kilipendwa sana. Hata hivyo mhusika mmoja, yule mwindaji wa porini, alitoka akilegea. Wachezaji walilalamika, na kampuni ikajaribu kumrekebisha 2015, tena 2016, ikamwongezea mambo 2020, ikamwandika upya 2024. Hojaji zote zile, na bado! Hojaji inaonyesha wangapi hawakuridhika. Haionyeshi yule aliyenyamaza saa nzima mezani kwa sababu mhusika wake hakuwa na la kufanya.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Kila muhula tulipewa fomu ya kutathmini wahadhiri. Nilizijaza zote kwa uangalifu, na sikuwahi kuambiwa ni nini kilibadilika kwa sababu yake. Kwa hivyo mtu akinitangazia kwamba maoni yangu ni muhimu, nauliza swali moja: nikiondoka, unapoteza nini?

Januari 2023 swali hilo lilijibiwa hadharani. Rasimu ya leseni mpya ya Dungeons & Dragons ilivuja. Ingefuta ile leseni huria ya mwaka 2000, ambayo wabunifu wadogo wengi waliitegemea kuuza vitabu vyao, na ingewatoza asilimia ya mauzo wale waliovuka dola 750,000 kwa mwaka. Wachezaji walianza kufuta usajili wao wa kulipia kwenye huduma ya kidijitali ya kampuni. Kampuni ikalegeza, ikatoa rasimu nyingine pamoja na hojaji. Zaidi ya watu 15,000 walijibu, na asilimia 89 hawakuridhika na kufutwa kwa leseni ya zamani. Januari 27 kampuni ilitangaza kuiacha leseni ya zamani ilivyo, na kanuni za msingi za toleo la tano ikaziweka chini ya Creative Commons, ambako haiwezi kuzirudisha.

Ukiniuliza, takwimu zile zilisikika kwa sababu watu walikuwa tayari wameinuka na kuondoka. Mezani kwa Arneson ilikuwa hivyo tangu mwanzo: wachezaji wanne wakichoka, wiki ijayo hakuna mchezo. Hakuhitaji asilimia, alikuwa anawaona usoni.

Siku hizi wako vijana hapa Nairobi wanaoandika michezo yao wenyewe, na huwa natumiwa rasimu nizisome. Nawaambia wasinitumie mimi peke yangu. Wakusanye watu watano, wawape kanuni, kisha wakae pembeni bila kuwasaidia. Wasiulize "mmependa?" Rafiki yako atasema ndiyo. Waangalie ni nani ameshika simu, na alianza kuishika wakati gani. Hapo ndipo sheria inahitaji kalamu.