Jumapili ya Ng'ambo

Ukitaka kuujua mji wa Dar es Salaam, ndugu msomaji, usianzie Posta wala Kariakoo. Nenda Feri, pale Kivukoni, Jumapili moja saa nne za asubuhi. Siku za kazi watu wanaovuka wana nyuso za kazi: huyu na kapu la samaki, yule na faili kwapani. Lakini Jumapili utaona vitu vingine. Utaona mtoto kajivika mpira wa gari kiunoni kama mkanda, dada kabeba hotpoti la pilau lililofungwa kanga, na kaka kabeba redio ambayo betri zake kazianika juani tangu jana. Hao hawaendi kazini. Wanakwenda Kigamboni kuogelea. Likizo yao hiyo, na inakwisha jua likizama.

Kwenye kalenda za ukutani, zile zinazotundikwa dukani na saluni, likizo ya kisiwani ina sura moja tu. Mchanga mweupe, mnazi umeinama, na Mzungu amelala na kinywaji chenye nanasi pembeni ya glasi. Chini wameandika Jamaica, au Barbados, au Bahamas. Nimezitazama picha hizo tangu nikiwa mdogo, na swali langu halijabadilika: yule aliyelikata nanasi yuko wapi? Na Jumapili yake anaila wapi?

Hebu turudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia.

Mji huu wenyewe ulianza kama mahali pa mkubwa kupumzikia. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujijengea hapa katika miaka ya 1860, penye bandari tulivu, mbali na kelele za Unguja. Alifariki mwaka 1870, na mji ukalala. Wajerumani wakaja wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakajenga ofisi zao kando ya bahari, hapahapa Kivukoni. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, walikuja na jeshi la wapagazi, Carrier Corps, ambalo kambi yake ndiyo ilizaa jina la Kariakoo. Yaani mtaa wangu umepewa jina la watu waliobeba mizigo ya wenzao.

Baadaye Waingereza wakaugawa mji katika kanda tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Ya Wazungu ilikaa baharini, penye upepo. Ya Waafrika ikakaa nyuma, Kariakoo na Ilala, na katikati kukaachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja. Ukilitazama hilo vizuri utaona kwamba hawakugawa ardhi peke yake. Waligawa na upepo. Mtu wa Kariakoo angeweza kuishi mwendo mfupi tu kutoka baharini, akaifahamu bahari kwa harufu ya samaki sokoni.

Sasa mtu asiseme kwamba wazee wetu hawakujua kustarehe mpaka mgeni alipowafundisha. Nani kasema? Nenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili hasira za mwaka ziishe, kibanda huchomwa moto, kina mama huimba, na baada ya hapo ni kula. Mgeni siku hiyo hapiti bila kukaribishwa chakula. Hiyo ni sikukuu ya kisiwani yenye bahari, michezo na mapishi, wala haikungoja hoteli.

Na hayo mapishi ndiyo yaliyonifanya niandike.

Marehemu bibi yangu alikuwa akikaanga mihogo Kariakoo. Alikuwa akiichana vipande virefu, anaitia mafuta ya moto, kisha kachumbari na pilipili ya kusaga yenye ndimu. Ndiyo mihogo ileile inayowapeleka watu Coco Beach Jumapili jioni na gari zao. Bibi aliamini muhogo ni wa kwetu tangu dunia kuumbwa. Nikamwambia, "Bibi, muhogo umetoka Amerika." Akanitazama kama niliyemtukana.

Lakini ni kweli. Watu wa kwanza wa visiwa vya Karibi, Wataino, ndio aliokutana nao Columbus mwaka 1492, na mkate wao ulikuwa wa muhogo. Waliuita casabe. Wareno waliuleta muhogo Afrika, ukaenea mpaka ukasahau kwao. Pilipili hii inayotutoa machozi nayo imetoka Amerika, na nanasi pia. Hata neno la Kiingereza la kuchoma nyama, barbecue, inasemekana limetokana na uchanja wa miti ambao watu wale walichomea samaki wao.

Mizigo ilikwenda na upande wa pili. Ackee, tunda ambalo Wajamaica hulipika na samaki wa chumvi na kuliita chakula cha taifa, limetoka Afrika Magharibi. Samaki huyo wa chumvi, kama ng'onda wetu, aliletwa kutoka bahari za kaskazini kwa sababu alikuwa chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa. Na shelisheli, hili tunda tunalolipika kwa nazi mwezi wa Ramadhani, lilipelekwa huko na Nahodha Bligh wa Uingereza. Mara ya kwanza mabaharia wake walimwasi njiani, mwaka 1789. Mara ya pili akafika St Vincent na Jamaica na miche kutoka Tahiti, mwaka 1793. Nia haikuwa kuwafurahisha watu. Wenye mashamba walitaka watumwa washibe kwa gharama ndogo.

Leo mgeni anashuka kwenye ndege, anakula shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi, anasema utamu ulioje. Na ni kweli ni tamu. Lakini nani aliutia utamu huo? Historia inatujibu. Watumwa wa Jamaica walipewa vipande vya ardhi vilimani wajilimie chakula, na siku yao kubwa ilikuwa Jumapili. Siku hiyo walilima vyao, wakapika vyao, wakashuka sokoni kuuza na kuonana. Siku sita zilikuwa za bwana, moja ikawa ya jikoni mwao. Chakula tunachokiita cha likizo kilipikwa kwanza na watu wenye siku moja tu.

Huku kwetu tusijifanye watakatifu. Karafuu za Unguja na Pemba zilipandwa na kuchumwa na watumwa, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Visiwa vizuri vya pande zote mbili vina kisa hicho chini ya mchanga.

Ndipo nikaelewa kwa nini vijana waliotutangulia waligombana juu ya utalii. Mwaka 1970, vijana wa TANU Youth League pale Chuo Kikuu waliwasha mjadala katika gazeti la The Standard: je, nchi inayojenga ujamaa iendelee kujenga hoteli za watalii? Wengine walisema tunahitaji fedha za kigeni, hakuna njia. Wengine wakasema tutageuka taifa la wapokea mizigo na wahudumu. I. G. Shivji aliyakusanya mabishano hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Katika miaka hiyohiyo Walter Rodney, mtu wa Guyana, alikuwa akifundisha hapo Chuo Kikuu. Serikali ya Jamaica ilikuwa imemzuia kurudi nchini humo mwaka 1968, na mwaka 1972 kitabu chake juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa London na hapa Dar es Salaam. Karibi haikuwa mbali na Kivukoni kama kalenda zinavyodai.

Mimi nasoma hoja za wale vijana na kuwaheshimu, lakini kuna kitu naona kilipungua. Waliuliza sana kama mgeni aje au asije. Swali la mwenyeji kwenda, yeye mwenyewe, na hotpoti lake, lilikaa pembeni.

Basi mwaka mmoja, sisi wajukuu tukachanga, tukasema tutampeleka bibi Mbudya. Alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka zaidi ya arobaini. Visiwa vya Makatumbe alivitazama kutoka Barabara ya Ocean, hii iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013, lakini kukanyaga kisiwa, hata kimoja, hapana. "Kuna nini huko? Kuna soko?" ndivyo alivyotuuliza.

Tukapanda daladala mpaka upande wa Kunduchi. Kuifikia boti tulikatiza kwenye njia ya hoteli moja, jina nalihifadhi. Mlinzi akatusimamisha. "Nyie mna chumba hapa?" Bibi akajibu kabla yetu: "Mwanangu, mimi nakwenda baharini. Na bahari nayo ina chumba?" Yule kijana alicheka, lakini hakutupisha. Tukazunguka njia ndefu, bibi na miguu yake mibovu, juani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini sheria haikuwepo pale getini siku ile.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, ili matumbawe na samaki wapone. Kwa hiyo kuna kiingilio, na boti nayo ina nauli yake. Mgeni kutoka nje hulipa zaidi kuliko sisi, na ni haki. Lakini kwa familia ya watu sita kutoka Kariakoo, kiingilio na boti na chakula si jambo la kila mwezi. Kwa wengi si jambo la kila mwaka.

Tukafika. Vijana wakavaa miwani ya maji wakaenda kutazama matumbawe. Wadogo wakajenga nyumba za mchanga. Mimi nilizunguka kisiwa nikatazama mibuyu. Bibi alikaa chini ya kibanda cha makuti, akaletewa changu wa kuchoma, chipsi na ndimu. Akaonja. Akaomba pilipili. Akaonja tena, akaita mpishi akamfundisha namna ya kuipasua ile mihogo ili isinywe mafuta, maana aliiona jikoni na hakuvumilia. Jioni akakunja kanga mpaka magotini, akaingia maji ya kifundo, akasimama kimya muda mrefu. Tulipomwita boti inaondoka akasema, "Ningojeni kwanza. Miaka yote hii nimeuza hiki chakula, sijakaa kukila."

Sina cha kuongeza juu ya maneno yale.

Tulipanga mara ya pili tumpeleke Unguja, akale pweza na urojo Forodhani, katika bustani ile iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa heshima ya mfalme wa Uingereza, ikatengenezwa upya mwaka 2009, na ambayo kila jioni ni ya wenyeji na wageni pamoja. Tungemvusha na Changuu, kwenye jela iliyojengwa mwaka 1893 isifunge mfungwa, akawaone kobe wakubwa, kizazi cha wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Alikataa. Alikumbuka Spice Islander iliyozama mwaka 2011 ikienda Pemba, na Skagit iliyotoka hapahapa Dar es Salaam ikazama mwaka 2012. "Maji hayana mwenyewe," akasema. Hatukumlazimisha. Kwa mtu wa pwani, kuvuka kwa usalama nako ni sehemu ya starehe, na waliokufa mle hawakuwa wamepanda boti za kalenda. Walikuwa watu wa kawaida na vikapu vyao.

Ndugu msomaji, siandiki ili hoteli zifungwe. Ndugu zetu wengi wanakula kwa kazi hizo. Wala siwasemi wanaokwenda Jamaica, Mungu awajalie. Nasema hivi: muhogo ulivuka bahari bila kuulizwa chumba, shelisheli likavuka, na watu wetu wakavushwa kwa minyororo. Wao ndio waliovipika vikawa vitamu. Haiwezekani mwisho wa safari ndefu hivyo mpishi abaki nje ya geti.

Nauli ya mtu wa miguu pale Feri ilipopanda mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200, watu walilalamika sana, na wako waliowacheka: shilingi 100 nayo ni ya kulalamikia? Hawakuhesabu watoto watano na mama yao, kwenda na kurudi. Kuna nyumba ambazo shilingi hizo ndizo zinazoamua kama Jumapili hii mtoto ataingia maji au ataishia kuyasikia kwenye redio ya jirani.

Bibi hayupo tena. Karai lake liko kwa shangazi, na bado linafanya kazi. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutavuka Kigamboni na watoto. Mihogo tutaibeba wenyewe. Ukituona pale pantoni, usitupite kimya. Hodi tu, kipande chako kipo.