Kushoto kwa Leborgne

Anayeanza kusoma ubongo hufundishwa pande zake kabla ya kazi zake. Mimi nilianza na maneno manne yenye asili ya Kilatini: rostrali, upande wa mdomo wa ndege, kaudali, upande wa mkia, dosali, upande wa mgongo, ventrali, upande wa tumbo. Kwa samaki hayasumbui, maana mwili wake umelala mstari mmoja. Binadamu anasimama wima, na mstari huo umepinda ndani ya kichwa chake. Kwa hiyo dosali kwenye uti wa mgongo ni nyuma, lakini kwenye ubongo mkubwa ni juu, utosini. Na kushoto ni kushoto kwa mwenye ubongo, si kwako unayemtazama. (Wazee wetu waliosema mkono wa kuume na mkono wa kike nao walihesabu kwa mwenye mwili.)

Thamani ya maneno haya niliiona katika habari za Louis Victor Leborgne. Alikaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre, kusini mwa Paris, na karibu kila alipoulizwa jambo alijibu “tan, tan”. Wakamwita Tan. Akikasirika sana, tusi moja lilimtoka likiwa kamili. Baadaye mkono wake wa kulia ulipooza, kisha mguu.

Mguu huo ulipooza kwa donda mwezi Aprili 1861, alipelekwa kwa Paul Broca, daktari mpasuaji. Broca alimuuliza amekaa Bicêtre miaka mingapi. Leborgne akafungua kiganja mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Kwangu hicho ndicho kiini cha kisa chote: akili ya kuhesabu ilikuwapo, ila njia ya maneno ilikuwa imeziba.

Alifariki tarehe 17, akiwa na miaka 51. Kesho yake Broca aliuonyesha ubongo wake mbele ya chama cha wanaanthropolojia cha Paris. Jeraha lilikuwa kushoto, sehemu ya mbele, na alilitaja baadaye kwa usahihi zaidi: mkunjo wa tatu, kwa nyuma. Miezi michache baadaye alikufa mzee Lelong, aliyebakiwa na maneno matano tu, naye jeraha lake likakutwa papo hapo. Hata hivyo Broca hakuharakisha kuutangaza ule ukushoto. Ilikuwa 1865 alipoandika waziwazi kwamba usemi hutegemea zaidi nusu ya kushoto.

Ubongo wa Leborgne hakuukata. Uliwekwa mzima kwenye dawa, ukahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Dupuytren. Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake walichapisha picha zake za MRI: jeraha lilikuwa limezama ndani kabisa, hadi kwenye nyuzi zinazounganisha mbele na nyuma. Eneo lile la mkunjo wa tatu bado linaitwa kwa jina la Broca.