Mto Mmoja, Hukumu Tatu

Ukimuuliza mtaalamu wa maji kama mto fulani ni safi, atakurudishia swali: safi kwa nani? Maji yanayomfaa mwogeleaji si lazima yamfae samaki, na samaki mwenye afya njema mtoni anaweza kubeba katika minofu yake kitu kisichofaa kuingia tumboni mwa mtoto. Ndiyo maana mto haupewi alama moja. Hupimwa kwa kila tumizi peke yake, na hukumu zikipingana huachwa zipingane. Hakuna anayezijumlisha ili apate wastani.

Mto Ohio nchini Marekani unalionyesha jambo hili vizuri. Unaanzia Pittsburgh na kwenda maili 981, takriban kilomita 1,580, hadi mji wa Cairo huko Illinois, unakoingia Mississippi. Tangu mwaka 1948 majimbo manane ya bonde hilo yana tume ya pamoja, ORSANCO, ambayo hutoa tathmini ya mto kila baada ya miaka miwili. Katika tathmini za miaka ya 2010, mto mzima ulionekana kuwafaa viumbe wa majini, karibu theluthi mbili zake zilishindwa kipimo cha kuogelea, na kwa ulaji wa samaki ulishindwa wote, kutoka chanzo hadi mwisho. Kuna tumizi la nne, maji ya bomba, ninaloliweka kando kwa kuwa maji hayo hupitia mtambo wa kusafishia kabla ya kumfikia mtu.

Tuanze na mwogeleaji. Hatari yake kubwa ni kinyesi, na kwa kuwa vimelea vinavyotokana na kinyesi ni vingi mno kuvitafuta kimoja kimoja, hutafutwa bakteria mmoja anayeishi matumboni mwa binadamu na wanyama wenye damu moto, yaani E. coli. Wengi wa bakteria hao hawamdhuru mtu. Kazi yao ni kutoa ushahidi kwamba choo kimefika mtoni. Mchukuaji huizamisha chupa isiyo na vijidudu mdomo ukielekea chini, kisha huigeuza ikabili mkondo ijae, huifunga bila kuugusa mdomo wake na kuiweka kwenye barafu. Maabara ina saa chache tu za kuanza kazi. Katika njia moja inayotumika sana, mililita 100 za maji huchanganywa na kirutubisho, humiminwa kwenye trei yenye visima 97, na trei huatamishwa kwa saa 24 katika nyuzijoto 35. Siku ya pili huwekwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Visima vinavyong'aa kwa rangi ya buluu vina E. coli, huhesabiwa, na idadi husomwa kwenye jedwali.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipendekeza mwaka 2012 kwamba wastani wa kijiometri usizidi bakteria 126 kwa mililita 100, na kwamba sampuli zinazovuka 410 zisizidi asilimia 10. Tuseme sampuli tano zimetoa 20, 40, 60, 80 na 5,000. Wastani wa kawaida ni 1,040, na ungeufunga mto papo hapo. Wastani wa kijiometri, ambao hauburutwi na namba moja kubwa, ni kama 114, na unapita. Lakini sampuli moja kati ya tano ni asilimia 20, kwa hiyo mto umeanguka kwenye sharti la pili. Masharti hayo mawili yanakamilishana: moja linaangalia hali ya kila siku ya mto, la pili linaangalia siku zake mbaya.

Siku mbaya za Ohio ni za mvua. Miji ya zamani kama Cincinnati na Louisville ilijengewa mabomba yanayobeba majitaka na maji ya mvua kwa pamoja; mvua ikizidi uwezo wa bomba, vyote hufurika mtoni. Na kwa vile jibu la maabara hutoka kesho, maji yaliyopimwa yameshakwenda zake. Ushauri wa kukaa nje ya mto siku moja au mbili baada ya mvua kubwa unaonekana wa kizamani, lakini humkinga mtu mapema kuliko trei yenye visima.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo hiki kina pengo. E. coli hasemi lolote kuhusu kichocho, ambacho minyoo yake hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mto unaweza kuwa na bakteria wachache na kichocho tele. Halafu wanaoingia mtoni kwetu si waogeleaji wa wikendi. Ni wafua nguo, wachota maji, wachungaji na watoto wanaooga kila jioni, na viwango vilivyokokotolewa kwa mtu anayeogelea mara mojamoja wakati wa kiangazi haviwatoshi. (Viboko na mamba hawamo katika viwango vyovyote.)

Kwa viumbe wa majini, swali la kwanza ni pumzi. Ohio hutakiwa kuwa na wastani wa miligramu 5 za oksijeni iliyoyeyuka katika kila lita kwa siku nzima, na isishuke chini ya 4. Lakini kifaa cha oksijeni hueleza saa ile kilipotumbukizwa tu. Viumbe wanaoishi pale wameyapitia yote, pamoja na usiku ambao hakuna mpimaji aliyekuwapo, ndiyo sababu siku hizi huhesabiwa wao wenyewe. Mwaka 1981 James Karr alipendekeza kipimo kinachotazama jamii nzima ya samaki: aina ziko ngapi, nani anakula nini, wangapi wana vidonda au uvimbe. Ohio ina kipimo chake cha ukoo huo. Usiku, boti hupita kando ya ufuko kwa mita 500 ikipitisha umeme majini. Samaki hulegea, hukusanywa kwa nyavu, hutambuliwa, hupimwa, hukaguliwa na kurudishwa.

Anayekosa boti anaweza kutumia wavu wa mkono. Afrika Kusini ilibuni mfumo wa kutoa alama kwa wadudu na viumbe wengine wadogo wa mtoni, na Tanzania ina mfumo wake uliotokana na huo, TARISS. Unasimama kwenye maji yanayokwenda kasi, unavuruga mawe kwa miguu, na wavu uko chini ya mkondo. Kisha unamwaga ulichopata kwenye trei nyeupe na kutazama kinachotembea. Kila kundi lina alama kuanzia 1 hadi 15. Minyoo, wanaostahimili uchafu, hupewa 1. Lava wa aina fulani, wasioweza kuishi bila maji baridi yenye oksijeni nyingi, hupewa alama za juu. Trei iliyojaa minyoo na ruba watupu imeshatoa jibu. Nauona mfumo huu kuwa bora kwa nchi zetu kuliko mashine yoyote, kwa sababu hauhitaji umeme, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kujifunza toleo lake jepesi.

Faida ya kuhesabu kila mwaka huonekana pale mambo yanapoharibika. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema oksijeni ilikwisha kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakukubali. Waliinyooshea kidole migodi ya dhahabu. Kinadharia maelezo ya kinyesi hayakuwa kichekesho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza jinsi kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 kinavyolundikana kwenye vidimbwi vya Mara upande wa Kenya, na jinsi mafuriko yanapokisukuma chini kwa mkupuo, oksijeni huporomoka na samaki hufa. Lakini nadharia inayowezekana si ushahidi wa tukio fulani. Bila kumbukumbu za miaka mingi za oksijeni, wadudu na metali katika eneo lenyewe, kila upande ulibaki na imani yake.

Kipimo cha tatu ndicho kinachogusa sahani, nacho ndicho tunachokipuuza zaidi. Hapa mara nyingi haipimwi sampuli ya maji, hupimwa nyama. Zebaki na kemikali za PCB, zilizokuwa zikitiwa kwenye transfoma hadi Marekani ilipopiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, huwa kidogo mno majini. Hata hivyo mdudu huzihifadhi mwilini, samaki mdogo hula wadudu wengi, na mkubwa humla mdogo. Mwisho wa safari hiyo kiwango kinaweza kuwa mamia ya maelfu ya mara kile cha majini. Samaki huyo haonyeshi ugonjwa wowote, na ndiyo siri ya Ohio kufaulu kipimo cha pili na kuanguka cha tatu: PCB na dioksini za zamani bado zimo kwenye tope.

Maabara huchanganya minofu ya samaki kadhaa wa aina moja, kwa sharti kwamba mdogo wao asipungue asilimia 75 ya urefu wa mkubwa wao. Ukichanganya kitoto na kikongwe, wastani hauelezi chochote. EPA mwaka 2001 iliweka kikomo cha miligramu 0.3 za zebaki ya methili kwa kilo ya samaki. Kikomo hicho kilikokotolewa kwa mtu anayekula gramu 17.5 za samaki kwa siku. Mkazi wa Musoma anayekula gramu 150 kila siku anakula zaidi ya mara nane ya huyo, kwa hiyo samaki anayehesabiwa salama kwa Mmarekani wa kwenye karatasi anaweza kumpitisha yeye kiasi kinachovumilika.

Katika bonde la Mara wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na mto unaishia Ziwa Victoria, ambako samaki kama ningu hupanda mtoni kutaga. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kwa mlaji, mnyororo wa chakula unatoa mwongozo hata kabla ya maabara kufika: dagaa hubeba zebaki kidogo kuliko sangara mkubwa. Kuondoa ngozi na mafuta hupunguza PCB, kwa kuwa hukaa kwenye mafuta. Kwa zebaki hakusaidii kitu. Hiyo imo kwenye mnofu wenyewe, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi.