Mbinzo: chakula cha zamani, na swali la kuuliza kabla ya kupakua

KISANGANI – Mvua za mwezi wa nane na wa tisa zinapopiga msitu wa Tshopo, viwavi hushuka kutoka juu ya miti ya lifaki, na wanawake na watoto huingia msituni na ndoo. Baadaye mbinzo hujaa sokoni, wabichi na wakavu, wa kuliwa kwa lituma au chikwange.

Desturi hii ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Joseph Bequaert, mtaalamu Mbelgiji wa wadudu, alifanya kazi Kongo kati ya 1910 na 1915, na mwaka 1921 akaandika makala kuhusu wadudu kama chakula cha binadamu. Mwaka 1980, François Malaisse na G. Parent walipima aina 23 za viwavi kutoka kusini mwa nchi, Shaba ya wakati ule. Walikuta kwamba, kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa kiwavi mkavu ni protini. Madini ya chuma, yanayosaidia damu, yamo pia. Kwa hiyo mbinzo si chakula cha kuonea haya.

Vita vilionyesha thamani ya chakula kilicho karibu. Kati ya 1998 na 2003 mto haukupitika hadi Kinshasa. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Mji ulipokatwa hivyo, msitu ulibaki jirani. Tangu 2023, familia zimekimbia mapigano ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga, zikiacha mashamba na mifugo. Kwao, mbinzo wakavu ni nyama isiyohitaji friji.

Lakini si kila mwili unaupokea mlo huu. Viwavi wana protini inayofanana na ile ya kosakosa na kaa. Mtu anayewashwa au kuvimba baada ya kula kosakosa anaweza kudhurika kwa mbinzo pia, na kuwachemsha au kuwaanika hakuondoi hatari hiyo. Mdomo ukivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikibana, aache kula na apelekwe kituo cha afya mara moja. Asipewe tena kidogo kidogo ili azoee.

Wengine wale, wakifuata kanuni za wazee: kiwavi unayemjua, wa mti unaoujua; toa uchafu wa tumboni, osha, pika vizuri. Walioanikwa vibaya wakaota ukungu, tupeni.

Waliokimbia wengi wanapika chungu kimoja na majirani wapya. Kabla ya kumpakulia mtoto wa mgeni, muulizeni mama yake: akila kosakosa, anakuwaje?