Njiwa wa juu ya mapaa: historia ya vumbi iliyopitia Bujumbura na inayogusa Kalemie

Kalemie – Njiwa ni ndege wa nyumbani. Kinda lake ni mboga, na jozi yake ni akiba ya kuuza siku mtoto anapougua. Lakini mahali wanapozidi, kinyesi chao hukauka darini, kwenye mapaa na vibandani, kisha kinageuka vumbi. Vumbi hilo lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilipita kando ya Ziwa Tanganyika hili hili.

Mwaka 1894, huko Ulaya, waganga walitambua kuvu ndogo isiyoonekana kwa macho: Ujerumani waliikuta kwa mgonjwa, Italia katika maji ya matunda. Leo inaitwa kriptokoko. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, Chester Emmons, aliikuta katika viota na kinyesi cha njiwa. Njiwa mwenyewe kwa kawaida haugui, kwa sababu mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na kuvu hiyo haistawi katika joto la namna hiyo.

Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulikuwa nadra. SIDA ndiyo iliyobadili mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, waganga wa Kinshasa na wa Ubelgiji walipokea wagonjwa kutoka Zaïre wenye menenjiti ya kriptokoko. Ilikuwa moja ya alama zilizoonyesha kwamba SIDA ilikwisha kuingia Afrika ya Kati. Mwishoni mwa miaka hiyo, watafiti waliingia katika nyumba za wagonjwa mjini Bujumbura, wakachukua vumbi na kulipima. Kuvu ilikuwemo. Ilipatikana pia kwenye vibanda vya njiwa.

Hiyo haina maana kwamba njiwa ndiye muuaji. Kuvu hiyo hukaa pia kwenye udongo na miti, na haitoki kwa mtu kwenda kwa mwenzake. Watu wengi wenye afya huivuta bila hata kujua. Hatari ni kwa yule ambaye kinga yake imeshuka, hasa mwenye virusi vya SIDA asiyepata dawa.

Je, suluhisho ni kuwaua njiwa? Muji wa Basel, Uswisi, ulijaribu. Kati ya 1961 na 1985 njiwa kama 100,000 waliuawa, na bado hesabu yao ilibaki karibu 20,000, kwa sababu chakula kilikuwa kingi na waliobaki walizaana upesi. Kuanzia 1988 muji ulibadili njia: wakaaji waliombwa waache kuwatupia chakula. Katika miaka minne njiwa walipungua kufikia nusu hivi.

Kwa Kalemie somo hilo lina uzito. Tangu vita kati ya Waluba na Watwa vilipopamba moto mwaka 2016 na 2017, jamaa nyingi zimekimbilia hapa. Mtu aliyekimbia huenda aliacha dawa zake kijijini, na usiku analala popote penye paa: shuleni, kanisani, au katika nyumba ya ndugu.

Yanayowezekana hayadai franka nyingi. Kibanda cha njiwa kiwe mbali na dirisha na mahali pa kulala, na mbali na kisima na mitungi ya maji. Kinyesi kikavu kisifagiliwe hivi hivi: kimwagiwe maji kwanza, pua na mdomo vifunikwe kwa kitambaa, kisha kizikwe. Mwenye kinga dhaifu asifanye kazi hiyo. Mabaki ya mahindi na mihogo yasiachwe wazi, na matundu ya dari yazibwe.

Mtu mwenye virusi vya SIDA akiumwa kichwa siku nyingi bila kupoa, akipata homa, shingo kukaza au macho kuona ukungu, asingoje. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Dawa za menenjiti hiyo zipo. Ikiachwa bila kutibiwa, inaua. Na aliyeacha dawa za SIDA njiani alipokimbia, aende kuzianza upya hata kabla ya kuumwa. Hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko kuwafukuza njiwa wote wa muji.