Sauti za Wazee katika Hifadhi ya Historia ya Vita vya Maji Maji

Vita vya Maji Maji (1905–1907) vilihifadhiwa kwanza katika maandishi ya upande ulioshinda. Gavana von Götzen alichapisha kitabu chake mwaka 1909, nazo taarifa za maofisa wa Kijerumani zikabaki majaladani. Humo, mtu wa Umatumbi au Ungoni huonekana kama mwasi, mateka au hesabu ya waliouawa. Ni nadra kusikika akieleza sababu ya kupigana.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Masimulizi waliyokusanya, pamoja na yale ya utafiti wa G.C.K. Gwassa, yalibadili swali lenyewe. Dawa ya maji, ambayo wakoloni waliihesabu kuwa ushirikina na hila za waganga, ilielezwa na wazee sambamba na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko na ukatili wa maakida. Kinjikitile wa Ngarambe akaonekana si mganga mlaghai tena, bali kiongozi aliyewaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja.

Hata hivyo, masimulizi hayo nayo yanahitaji uhakiki. Yalitolewa zaidi ya miaka 60 baada ya vita, mbele ya vijana wasomi, wakati taifa changa likitafuta mizizi ya umoja wake. Kwa hiyo haitoshi kuhifadhi muhtasari wa jibu. Sharti vihifadhiwe pia swali lililoulizwa, lugha ya msimulizi na uhusiano wake na tukio. Pasipo hayo, mzee hugeuzwa shahidi wa hoja ya mtu mwingine, kama ilivyokuwa majaladani.

Uzito wa jambo hili unadhihirika Songea, yalipo Makumbusho ya Maji Maji. Historia iliyoandikwa inaeleza kwamba Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Ukoo wake unaongeza kwamba kichwa chake kilichukuliwa, na kwamba bado unakidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikutana na wazao hao, akaomba msamaha na kuahidi msaada wa kukitafuta. Simulizi ya ukoo imekuwa, basi, dai linalosubiri jibu kutoka katika maghala ya Ujerumani. Makumbusho yanayoiweka simulizi ya namna hiyo kando ya picha kama pambo yanaikosea; nafasi yake ni pale panapoamuliwa nini kitafutwe na nani aulizwe.